Protini mbili, zizi moja: kifuko cha seli kinajuaje kimefika wapi?

Nilipoanza kazi ya kuchunguza protini za hamira, nilikuwa naosha shanga zangu mara sita. Shanga hizi ni punje ndogo mno. Tunazipachika protini moja tunayoichunguza, tunazimwagia mchuzi wa seli zilizopasuliwa, kisha tunaziosha na kutazama ni protini gani nyingine iliyobaki imeng'ang'ania. Nilitumia chumvi nyingi, nikaosha mpaka maji yakawa meupe kabisa. Matokeo yakawa safi na matupu: protini niliyoitega ilikuwa peke yake. Nilipopunguza chumvi na kuosha mara mbili tu, kwenye baridi, ukatokea mstari mmoja hafifu chini yake kwenye jeli, ambako kila protini huonekana kama mstari. Tangu siku hiyo nimeipenda mistari hafifu.

Seli ya hamira ina upana wa mikrometa 5 hivi, na huzaana kwa kutoa chipukizi ubavuni. Chipukizi hilo likue, lazima lipelekewe utando mpya, malighafi ya ukuta, na vimeng'enya vya kutolewa nje, kama invertasi inayovunja sukari. Mizigo hiyo yote hufungwa ndani ya vifuko vya utando, vesikeli, vyenye upana wa nanometa 80 hadi 100. Vifuko hung'oka kwenye Golji, sehemu ya seli inayofungasha mizigo, vikakokotwa na protini iitwayo Myo2 juu ya nyuzi za aktini hadi chipukizi lilipo, vikagusana na utando wa nje na kuungana nao.

Tulijuaje haya? Mwaka 1979 Peter Novick na Randy Schekman, wakiwa Berkeley, California, walieleza hamira yenye hitilafu ya jeni iliyokua vizuri kwenye nyuzijoto 25, lakini ikipelekwa kwenye 37 ilishindwa kutoa vimeng'enya nje. Ndani yake vifuko vilijazana tele. Kisha wakatambua kwamba seli iliyoziba namna hiyo huwa nzito kuliko wenzake wa ukubwa uleule, kwa hiyo wakazichuja kwa uzito. Kufikia mwaka 1980 walikuwa na makundi 23 ya jeni, na majina yake yanaanza na Sec mpaka leo. Schekman alipata Nobel mwaka 2013, pamoja na James Rothman na Thomas Südhof. Mbinu ile ya kupima uzito naihesabu miongoni mwa mawazo mazuri kabisa katika biolojia.

Orodha ya jeni, hata hivyo, haisemi nani anamshika nani, wala lini. Hilo la lini ndilo linalonikosesha usingizi.

Chukua Sec4. Ni swichi inayokaa juu ya kifuko: ikibeba molekuli ndogo iitwayo GDP imezimwa, ikibeba nduguye GTP imewashwa. Haijiwashi yenyewe kwa kasi inayotosha. Huwashwa na Sec2, ambayo huing'oa GDP ili GTP iingie. Sasa, nani anaileta Sec2 kwenye kifuko? Kifuko kinapozaliwa Golji, kazi hiyo hufanywa na swichi nyingine iliyotangulia, Ypt32, ikisaidiana na mafuta ya utando yaitwayo PI4P. Sec2 ikishafika, huiwasha Sec4. Swichi moja inampokeza mwenzake kijiti.

Uhondo wenyewe uko hapa. Sec4 iliyowashwa huishika Sec15, moja ya protini 8 za kundi la eksosisti, ambalo hukifunga kifuko kwenye utando wa nje kabla hakijaungana nao. Na Sec15 nayo huishika Sec2, tena mahali palepale Ypt32 iliposhika. Mafahali wawili hawakai zizi moja: akiwepo Ypt32, Sec15 haiingii. PI4P nayo, ikiwa nyingi, huizuia Sec15 isiikaribie Sec2. Kifuko kinavyosogea mbali na Golji, PI4P inapungua, Ypt32 inaachia, Sec15 inashika. Kuanzia hapo Sec2 inaiwasha Sec4, Sec4 inaivuta Sec15, Sec15 inaishikilia Sec2. Mzunguko unajilisha wenyewe, na kifuko kimekuwa tayari kutua. Muungano wenyewe ni kazi ya protini za SNARE, Snc upande wa kifuko, Sso na Sec9 upande wa utando, huku Sec1 ikizishikilia zilipokwisha kusukana.

Ndiyo maana sipendi ile michoro ya mitandao ya protini yenye mistari ya unene mmoja kila upande. Inaonyesha Sec2 imeunganishwa na Ypt32 na Sec15 kana kwamba wote watatu wamekaa mkeka mmoja. Ukweli ni kwamba hapo pana zamu. Na zamu haiwezekani mshiko ukiwa mkali: Ypt32 ikigandamana na Sec2 moja kwa moja, Sec15 haitapata nafasi kamwe.

Kuna hamira ambayo Sec2 yake imekatwa mkia. Sehemu ya mbele, inayoiwasha Sec4, ni nzima, na ukiipima ndani ya mrija inafanya kazi yake bila shida. Ila bila mkia haiwezi kujishikiza kwenye vifuko, inaelea tu ndani ya seli. Ipeleke kwenye nyuzijoto 37, kisha iweke chini ya hadubini ya elektroni: utaona vifuko vimejaa, vimetawanyika kila kona ya seli, vyote vimebeba mizigo yao.