Ooty na watoto: tulivyoambiwa na tulivyokuta

Kila nikimwambia mtu kwamba tuliwapeleka watoto mlimani Ooty swali la kwanza ni lilelile, mliwezaje na lile joto la India? Joto lipi jamani. Ooty iko kwenye milima ya Nilgiri, jimbo la Tamil Nadu, huko kusini, mita kama 2,240 kutoka usawa wa bahari, na ukitaka kuelewa hiyo namba fikiria Lushoto mjini ni kama mita 1,400 tu. Mwezi wa tano, India ya chini inaungua, Ooty mchana unapata nyuzi 20 na kidogo. Desemba na Januari usiku inakaribia sifuri na asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu. Theluji hapana, hapo watu wanachanganya na Shimla na Manali ambazo ziko kaskazini kabisa, Himalaya, ni safari nyingine kabisa hiyo.

Mume wangu alisoma Coimbatore, mji ulio chini ya milima hiyo, miaka miwili, tukamfuata mara mbili, Desemba 2023 na Juni 2025. Hiyo ya Desemba ndiyo iliyonifanya niandike hapa, maana tulienda na kila dhana mbaya unayoijua na aliyelipa ni mtoto wetu mdogo, ambaye ana selimundu (sickle cell), ule ugonjwa wa damu wa kurithi.

Tuanze na hii ya kilomita. Ramani inakwambia Coimbatore mpaka Ooty ni km 85 hivi, na sisi wa Dar tukaona aah, saa moja na nusu tumefika. Ni saa tatu, na msimu wa watu wengi ni zaidi. Kutoka Mettupalayam, mji ulio mguuni mwa mlima, barabara inaanza kupanda na kuna kona 14 za kugeuka mzima mzima, kila kona ina kibao chake, 1/14, 2/14, unazihesabu kama siku za kufunga. Mwanangu mkubwa alitapika kona ya sita. Watu wanasema ni kichefuchefu cha urefu wa mlima, hapana, ugonjwa wa urefu kwa mtu mwenye afya kwa kawaida huanzia mita 2,500 na kuendelea, kile ni kichefuchefu cha gari tu na dawa yake ni kutowashindilia watoto chakula kabla ya kupanda, kumweka mbele, kufungua dirisha, na kumwambia dereva taratibu. Kosa letu kubwa lilikuwa lingine, niliwanyima watoto maji njiani ili tusisimame simame kwa ajili ya choo. Mtoto wa selimundu kumnyima maji! Hata sasa nikikumbuka roho inaniuma.

Tukafika jioni, baridi kali, mimi nimebeba tisheti na kanga na sweta mojamoja za kusafiria ndege. Chumba hakina hita. Na hapa kuna dhana nyingine, kwamba hoteli ya milimani lazima iwe na joto ndani, nyingi za bei ya kawaida hazina, wanakupa blanketi zito na maji ya moto yanatoka kwa saa maalum, kwetu ilikuwa saa 1 mpaka saa 3 asubuhi basi. Uliza kabla hujalipa. Saa nane usiku mdogo akaamka analia mguu. Mama yeyote mwenye mtoto wa selimundu anakijua kile kilio, hakifanani na kingine.

Tulimkimbiza hospitali, nimejiandaa kuanza kueleza ugonjwa wenyewe kwa Kiingereza cha kuunga unga, maana nilijua kabisa (na wewe pengine unajua hivyo) kwamba selimundu ni ugonjwa wetu Waafrika. Nesi alinisikiliza nusu sentensi akaniambia huku milimani tunao wengi. Kumbe mara ya kwanza kabisa selimundu kuripotiwa India ilikuwa 1952, na walipoipata ni hapohapo Nilgiri, kwa jamii za wenyeji wa milimani. Iko sana kwenye jamii za asili za India, mpaka serikali yao ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuitokomeza mwaka 2023. Wakampa mwanangu dripu, dawa ya maumivu, blanketi mbili, na kufika mchana alikuwa anaulizia nyani.

Kwa hiyo ukweli ni upi, mwenye selimundu asiende mlimani? Wapo watakaokwambia asikanyage kabisa na wapo watakaokwambia hakuna shida, wote wawili usiwasikilize, muulize daktari anayemtibu, maana watoto hawafanani. Vinavyoamsha maumivu vinajulikana: baridi, kukosa maji, kuchoka, na hewa kuwa nyepesi. Sisi vitatu vya kwanza tulivileta wenyewe. Mara ya pili daktari wake alikubali kwa masharti, tupande polepole, tulale kwanza Coonoor ambayo iko chini kidogo, mita 1,850 hivi, soksi za sufi usiku na mchana, chupa ya maji haitoki mkononi, na kilele cha Doddabetta chenye mita 2,637 tukiache. Tulikiacha. Mkubwa alinuna kidogo akapewa chokoleti za pale Ooty, zinatengenezwa madukani humo humo na zinauzwa kwa kupima kwenye mizani, kununa kukaisha.

Na mara ya pili tulipanda treni. Watu wanaiita treni ya kuchezea na jina hilo linapotosha sana, nilidhani ni ile ya kuzunguka bustani na watoto dakika kumi. Ile ni reli kamili, km 46, imefika Coonoor 1899 na Ooty 1908, tangu 2005 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni mita moja, sawasawa na reli yetu ya kati ya zamani na ile ya Mombasa kwenda Kisumu iliyojengwa na vibarua wengi waliotoka Bara Hindi. Tofauti ni mlima. Kipande cha Mettupalayam mpaka Coonoor ni kikali mno hadi katikati ya reli wamelaza chuma chenye meno, na injini ya mvuke ina gurudumu la meno linalong'ata pale chini, kwa hiyo haiwezi kuteleza ikarudi. Na injini haivuti, inasukuma! Iko nyuma, mabehewa yako mbele, na kwenye kila behewa anasimama mtu wa breki na bendera zake anawasiliana na wenzake mpaka nyuma kwa dereva. Wanangu walikaa wamebandika pua dirishani karibu saa tano nzima, mahandaki 16, madaraja 250, na kila handaki behewa zima linapiga kelele, watu wazima kwa watoto, mimi nikiwemo. Injini inasimama kunywa maji njiani, mvuke unakupiga usoni una harufu ya mafuta na chuma cha moto, mdogo akaniuliza, mama nayo daktari kaiambia inywe maji?

Msidanganyike kwamba tiketi mnakata palepale stesheni. Siku hizi shirika la reli la India linafungua kukata tiketi siku 60 kabla na hii treni inajaa haraka, mara ya kwanza tuliikosa kwa sababu hiyo. Inaondoka Mettupalayam saa 1 na dakika 10 asubuhi, na mtu anayetoka Chennai (wengi wetu tunakuwa pale kwa matibabu) kuna treni ya usiku, Nilgiri Express, inakufikisha Mettupalayam asubuhi mapema unavuka tu jukwaa. Ukiikosa kabisa jaribu kipande cha Coonoor mpaka Ooty, ni kifupi na injini pale ni ya dizeli ila mashamba ya chai ni yaleyale.

Mnaokwenda na gari: tangu Mei 2024 mahakama kuu ya Madras iliagiza magari ya watalii yanayoingia Nilgiri kutoka nje ya wilaya yawe na pasi ya mtandaoni, na 2025 msimu wa Aprili mpaka Juni wakaweka kikomo, magari 6,000 siku za kawaida na 8,000 wikendi. Hakikisha dereva anayo kabla hamjaondoka, usikubali la "tutaipata hukohuko". Na mnaopandia upande wa kaskazini, kutoka mji wa Mysuru, barabara inayokatiza hifadhi ya Bandipur inafungwa saa 3 usiku mpaka saa 12 asubuhi kwa ajili ya wanyama, tembo hasa. Chupa ndogo za maji za plastiki nazo haziruhusiwi wilaya nzima, mnakaguliwa njiani, bebeni za chuma.

Hoteli sasa. Ukishalipia mtandaoni umemaliza? Hapana. India hoteli inayompokea mgeni wa nje inatakiwa kumsajili kwa serikali kwa Fomu C ndani ya saa 24, na nyumba nyingi ndogo za wageni hazijajiandikisha kwa hilo, hivyo wanakukataa mlangoni hata kama umelipa. Ilitutokea Desemba, saa 12 jioni na watoto wanatetemeka, na yule mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa faini. Piga simu, sema pasipoti zetu ni za Tanzania, mnatupokea? Wakisema ndiyo ndipo ulipe.

Lugha, kwa kifupi tu, si kila Mhindi anaongea Kihindi. Huku ni Kitamil, na Kihindi chako cha kwenye filamu hakikufikishi mbali. Jifunze "anna" yaani kaka mkubwa na "akka" dada mkubwa, unamwita hivyo dereva, muuzaji, mpishi, kama sisi tunavyosema kaka na dada, na sura ya mtu inabadilika palepale. Nyama ipo tele, biriani ya kuku na ya mbuzi, mbona hata misikiti ipo na halali unapata.

Juni? Wengi wetu tunaenda Juni kwa sababu shule zimefungwa, tukidhani ni kiangazi. Masika yao yanaingia Kerala, jimbo la jirani, tarehe 1 Juni hivi. Ooty mjini mvua inakuwa ya wastani, mara jua mara ukungu, lakini pande za magharibi za wilaya hiyohiyo ni balaa, sehemu inayoitwa Avalanche Agosti 2019 ilipata mvua ya zaidi ya milimita 800 kwa siku moja, na Dar yetu mwaka mzima ni kama 1,100. Nendeni, ila na makoti ya mvua, na siku moja ya ziada iwapo barabara itafungwa.

Nimalizie na hili la misitu. Watu wanapiga picha kwenye miti mirefu wanasema asili ya Nilgiri. Siku ya tatu tunatembea mkubwa akaokota jani akalifikicha akanusa, akasema mama hii si ndiyo ile ya Lushoto? Mkaratusi! Ulitoka Australia, Waingereza wakaupanda huku karne ya 19, pamoja na miwati, ileile miwati ya Njombe. Asili ya milima hii ni majani mafupi yenye vijisitu vidogo mabondeni, na wenyewe ni watu kama Watoda na nyati wao, walikuwepo zamani sana kabla ya yule Mwingereza John Sullivan kuja kuchimbisha ziwa la Ooty miaka ya 1820. Nilinunua shali ya Kitoda, nyeupe imedariziwa nyekundu na nyeusi, yule mama alinigeuzia upande wa ndani na kweli sikuona fundo hata moja.

Kwenye yale majani mafupi ndiko linakoota ua la kurinji, la bluu, linachanua mara moja kwa miaka 12. Munnar kule Kerala lilichanua 2018, linalofuata ni 2030. Mwanangu mdogo atakuwa na miaka 13, na ameshaandika kwenye daftari lake la kliniki, nyuma kabisa, "2030 maua, soksi".