Idadi ya vitaa haisemi lolote kuhusu ngozi ya bibi harusi

Msimu wa harusi unapokaribia, vijana wanaoanza kazi ya video huniuliza swali lile lile kuhusu taa ya LED ya juu ya kamera, ile iliyojaa vitaa vidogovidogo, nalo hubeba kosa ndani yake: "Kaka, nichukue ile ya vitaa 160, au niongeze fedha ninunue ya 300?" Wiki hii nimeulizwa tena, na aliyeuliza alikuwa amekwisha kuhakikishiwa na muuzaji mmoja wa Kariakoo kwamba sisi watu weusi tunahitaji mwanga mkali, kwa hiyo vitaa vingi ni lazima. Safari hii ninajibu kwa urefu, kwa sababu imani hiyo ndiyo inayoharibu nyuso za watu wetu katika video nyingi za sendofu na harusi ninazoletewa nizirekebishe rangi, na nyingi kati ya hizo hazirekebishiki tena.

Nianze na hiyo idadi, nayo sitaikalia sana. Kitaa cha LED kinaweza kupitishiwa umeme mwingi au kidogo, na vitaa vyenyewe vinatofautiana ukubwa na ubora, kwa hiyo taa yenye vitaa 96 inaweza kabisa kuishinda kwa mwangaza taa yenye vitaa 300. Tena, katika taa nyingi za bei nafuu zinazotoa rangi mbili za mwanga, nusu ya vitaa ni vya mwanga wa manjano wa 3200K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) na nusu ni vya mwanga mweupe wa 5600K, na ukiisogeza swichi hadi mwisho wa upande wowote, nusu nyingine inazimika. Wati nazo zinakueleza taa inakula umeme kiasi gani, wala si mwanga kiasi gani unaomfikia mtu. Kipimo chenye maana ni luksi, yaani kiasi cha mwanga unaofika mahali, katika umbali uliotajwa, na hapo soma kwa makini: wako watengenezaji wanaopima kwa mita 1 na wako wanaopima kwa nusu mita, na kule kupima kwa nusu mita pekee hukuza namba takriban mara nne bila taa yenyewe kubadilika hata kidogo.

Sasa, tunahitaji mwanga kiasi gani hasa? Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ikiwa sekunde 1/50, tundu la lenzi f/2.8 na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 800, uso unahitaji luksi kati ya 120 na 160 hivi. Ukipandisha ISO hadi 1600, jambo ambalo kamera nyingi za miaka hii zinalimudu bila chengachenga za kuudhi, unahitaji nusu ya hapo. Taa ndogo inayotoa luksi 800 kwa mita 1 itatoa takriban 200 kwa mita 2, na mita 2 ndio umbali tunaosimama maharusi wanapolishana keki. Kwa maneno mengine, taa ya kawaida kabisa ya juu ya kamera ina mwanga wa kutosha na wa kubaki, hata kabla ya kuhesabu mwanga wa ukumbi wenyewe, na anayeongeza fedha kwa ajili ya nguvu peke yake ananunua kitu ambacho atalazimika kukipunguza.

Asipokipunguza, madhara yake yanaonekana waziwazi. Taa ikizidi nguvu, unalazimika kufunga tundu la lenzi au kushusha ISO ili uso usiungue, na kila unachofunga kwa ajili ya uso unakifunga pia kwa ajili ya ukumbi. Familia imechanga miezi mingi, mpambaji ametundika vitambaa, maua na taa ndogondogo nyuma ya meza kuu, kisha katika video yote hayo yanageuka giza na maharusi wanaonekana kama watu waliokutwa na tochi ndani ya pango. Isitoshe, nguvu haitatui tatizo la umbali ambalo wengi wanadhani inalitatua. Bibi harusi akiwa mita 1.5 kutoka kwenye taa na mama yake akiwa nyuma yake, mita 3 kutoka kwenye taa hiyo, mama anapata robo tu ya mwanga anaoupata binti. Ukizidisha nguvu ya taa mara mbili, binti anapata mara mbili na mama anapata mara mbili, na uwiano wa moja kwa nne unabaki palepale. Uwiano huo unabadilishwa kwa kurudi nyuma, au kwa kupunguza taa na kuuacha mwanga wa ukumbi ufanye sehemu yake.

Nafika kwenye ngozi, na hapa ninaomba uvumilivu wako, kwa maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Kitaa cheupe cha LED si cheupe kwa asili. Ndani yake mna chembe inayotoa mwanga wa bluu, na juu ya chembe hiyo imepakwa dawa ya manjano inayobadili sehemu ya bluu hiyo kuwa kijani, manjano na nyekundu kidogo, kisha jicho letu linauchanganya mseto huo na kuuita mweupe. Dawa ikiwa ya bei rahisi, mwanga unatoka ukiwa na bluu nyingi, na manjano na kijani vya kutosha, lakini wekundu ulioiva unakuwa haba. Karatasi nyeupe itaonekana nyeupe vilevile, na ndiyo sababu muuzaji anaiwasha taa dukani, anaielekeza ukutani, nawe unaridhika.

Ngozi nyeusi haifanani na karatasi. Melanini inameza mwanga wa bluu na kijani kwa wingi kuliko inavyomeza mwekundu, kwa hiyo mwanga ambao ngozi yetu huurudisha kwenye kamera unaegemea zaidi upande wa wekundu. Ule uhai unaouona katika shavu la mtu mweusi, ule udhahabu na umaji wa kunde chini ya weusi, unatoka huko. Sasa mulika ngozi hiyo kwa taa isiyo na wekundu wa kutosha: umeinyima sehemu ileile ya mwanga ambayo ingeirudisha vizuri zaidi. Kinachobaki ni rangi ya majivu, mara nyingi yenye ukijani kandokando ya pua na chini ya macho. Mpiga video anaitazama skrini, anaona uso umefifia, anahitimisha kwamba mwanga hautoshi, na anaongeza nguvu ya taa ileile. Sasa amepata majivu yanayong'aa. Ule mng'ao wa paji la uso nao ni taswira ya taa yenyewe juu ya ngozi yenye jasho na vipodozi, na kadiri taa ilivyo ndogo na kali, ndivyo doa linavyokuwa jeupe zaidi. Hakuna uso uliowahi kuokolewa kwa njia hii, na inaniuma kuona bibi harusi aliyependeza ukumbini akitoka katika video kama mgonjwa, kisha lawama zikaangukia ngozi yake.

Utaniambia kwamba hilo linarekebishwa katika uhariri. Ukijani ukiwa peke yake, ndiyo, unaweza kupunguzwa kwa kusogeza rangi upande wa zambarau, ila ukuta wa nyuma uliomulikwa na taa za ukumbi nao utageuka zambarau pamoja na gauni. Wekundu ambao haukuwamo katika mwanga ni shida kubwa zaidi, maana unaloweza kufanya ni kuukoleza ule mdogo uliopo, na midomo, maua na upande wote wa nguo nyekundu vinakolea pamoja nao. Ninafanya kazi hiyo na ninalipwa, lakini sijawahi kuurudisha uso ukawa kama ulivyokuwa ukumbini.

Kwa hiyo kitu cha kununua ni ubora wa rangi. Sanduku litakuandikia CRI 95 au CRI 96, na watu wengi wanaishia hapo. CRI ni kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, kilichotungwa na CIE, shirika la kimataifa la masuala ya mwanga, na kimekuwapo tangu mwaka 1965. Namba inayoandikwa kwenye sanduku ni wastani wa rangi 8 za majaribio, R1 hadi R8, zote zikiwa hafifu, na hakuna hata moja ambayo ni nyekundu iliyokolea. Nyekundu hiyo ni R9, nayo haimo katika wastani. Ndiyo maana taa yenye CRI ya 80 na kitu inaweza kuwa na R9 inayokaribia sifuri, au hata iliyo chini ya sifuri, na bado ikauzwa kwa sifa. Mtengenezaji anayechapisha R9 yake, ikiwa juu ya 80 au 90, anakuambia jambo la maana, na anayeificha huwa ninamtilia shaka.

Lakini nitasema na jambo ambalo vitabu hulipita haraka: hata vipimo hivi siviamini kikamilifu linapokuja suala la watu wetu. Katika orodha ya CIE ya rangi 14, iliyowekwa kuwakilisha ngozi ya binadamu ni R13, nayo ni ngozi ya Mzungu. Baadaye Wajapani waliongeza ya 15 kwa ajili ya ngozi za watu wa Asia Mashariki. Ngozi nyeusi haimo. Juu ya hapo, CRI ilitungwa kwa ajili ya jicho, ilhali sensa ya kamera, yaani sehemu inayonasa picha, haioni kama jicho. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulijaribu kuliziba pengo hilo mwaka 2012 kwa kipimo cha TLCI, kinachokadiria jinsi kamera itakavyoona, na ninakipendelea zaidi. Ila nacho kinatumia kamera ya mfano, na kamera uliyo nayo mkononi ina tabia zake. Nimeona taa ileile ikiwatendea haki watu kwenye kamera moja na kuwatia ukijani kwenye nyingine.

Kwa sababu hiyo, kipimo ninachokitegemea ni mkono. Nenda dukani na kamera yako pamoja na kipande cha kanga nyekundu iliyokolea. Omba taa iwashwe chini ya kaunta au ndani ya boksi, mbali na taa za duka. Iambie kamera kwamba mwanga ni 5600K, na taa nayo uiweke hapo, kisha rekodi kiganja na mgongo wa mkono wako vikiwa juu ya kanga. Kanga ikionekana ya matofali au ya machungwa, wekundu haumo. Mgongo wa mkono ukiwa na majivu na mpaka kati yake na kiganja ukiwa wa kijanikijani, rudisha taa. Ipunguze hadi asilimia 10 uangalie kama rangi inabadilika, kisha pandisha shata hadi 1/2000. Taa za bei nafuu nyingi hupunguza mwanga kwa kujizima na kujiwasha upesi mno, na kwa kuwa sensa husoma picha mstari kwa mstari, utaona michirizi myeusi ikitembea kwenye picha. Michirizi hiyo ndiyo itakayokuharibia tukio utakaporekodi fremu 100 kwa sekunde ili bibi harusi aingie kwa mwendo wa taratibu. Mwisho, iache iwake kwa nguvu zote kama dakika kumi, maana zipo zinazopata joto zikafifia zenyewe. Muuzaji akikataa majaribio haya, yuko mwingine duka la jirani.

Kuhusu ile plastiki nyeupe inayokuja na taa, itumie, lakini elewa kazi yake. Inaviunganisha vivuli vingi vya vitaa vikawa kivuli kimoja, na inapunguza ukali machoni pa mtu. Haiwezi kuulainisha mwanga kwa kiasi cha kujivunia, kwa sababu ulaini unatokana na ukubwa wa chanzo kikilinganishwa na umbali wake, na plastiki ya sentimita 15 ikiwa umbali wa mita 2 ni chanzo kidogo, iwe na ung'avu au iwe na weupe. Ukitaka ulaini, chagua taa pana zaidi hata kama haina nguvu nyingi, au ielekeze kwenye dari jeupe lililo karibu. Katika kumbi zenye dari refu lililofunikwa vitambaa usijaribu, maana mwanga utarudi na rangi ya kitambaa, ikiwa utarudi.

Betri ndiyo gharama ambayo watu huisahau. Taa nyingi za aina hii hutumia betri za umbo la NP-F za volti 7.2. Ile ndogo, NP-F550, hubeba takriban wati-saa 15, kwa hiyo taa ya wati 18 ikiwaka kwa nguvu zote itaimaliza kabla ya saa moja kuisha, na shughuli zetu hazijawahi kuisha kwa saa moja. NP-F970 hubeba takriban mara tatu ya hapo, ila ni nzito, na uzito huo wote unaning'inia kwenye kiatu, yaani kishikio cha taa cha juu ya kamera, kwa hiyo kikaze vizuri na ukikague kila mara unapobadilisha betri. Usiamini namba iliyochapishwa kwenye betri isiyo na jina. Ichaji ijae, washa taa kwa asilimia 50, tazama saa, na uandike muda huo juu ya betri kwa kalamu ya wino usiofutika.