Saa 16 kila siku? Hesabu ya kazi ya samaki Alaska inayowapoteza watu wetu

Dola 18 kwa saa, mara saa 16 kwa siku, mara siku 60. Kila ikifika Aprili na Mei naletewa hesabu hii na watu ninaowasaidia kutafuta kazi hapa Marekani, wengi wao ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi na Tanzania. Wameisikia kwa jamaa, naye jamaa kaisikia kwa mwenzake. Wakishaipiga kwenye simu wanaacha kazi ya ghala au ya usafi wa hoteli, wanamwahidi mwenye nyumba kwamba kodi itakuja Agosti, wanawaahidi wazazi ada za wadogo zao, kisha wanapanda ndege kwenda Naknek, mji wa viwanda vya samaki kwenye ghuba ya Bristol Bay, Alaska. Nimechoka kuijibu kwa mmojammoja, na walioumizwa nayo wametosha.

“Kule ni saa 16 tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho”

Si kweli. Unalipwa saa ulizofanya, na saa huletwa na samaki. Kiwanda hakiwezi kupasua samaki ambaye hajavuliwa.

Bristol Bay ndiko wanakorudi samoni wekundu wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Mwaka 2022 walirudi takriban milioni 79, idadi ambayo haikuwahi kuonekana huko. Lakini samaki hawaji kwa ratiba ya zamu. Juni huanza kidogokidogo, kilele huangukia siku za karibu na tarehe 4 Julai, na Julai ikiisha wamepungua sana. Hata wakiwa wengi, mvuvi hatupi wavu anapotaka. Idara ya serikali ya Alaska inayosimamia samaki na wanyamapori huweka watu juu ya minara kando ya mito kama Kvichak, Naknek na Egegik, nao huhesabu kwa dakika 10 katika kila saa samaki wanaopita kwenda kutaga. Kila mto una kiwango chake cha samaki wanaotakiwa kuvuka. Kisipofikiwa, uvuvi unafungwa hadi waongezeke, na hilo ni jambo jema, maana ndilo linalofanya kuwe na samaki wa kuvuliwa miaka ijayo. Ila wewe uliye bwenini siku hiyo hulipwi. Upepo ukichafuka na boti zikashindwa kutoka, vilevile hulipwi.

Kisha kilele kinafika, na hapo kweli ni saa 16, pengine zaidi, siku saba kwa wiki. Jamaa anayekusimulia hakudanganyi kuhusu wiki hizo. Anazikumbuka kwa sababu zilimuumiza mgongo na kumjazia hundi. Zile siku za kukaa kitandani akisubiri boti hazina hadithi, kwa hiyo hazisimuliwi.

Tupige hesabu vizuri, kwa mshahara wa mfano wa dola 18. Kwa kiwanda cha nchi kavu, sheria ya Alaska inataka kila saa inayozidi 8 kwa siku, au 40 kwa wiki, ilipwe mara moja na nusu, yaani dola 27. Wiki ya saa 16 kwa siku zote saba ni saa 112: saa 40 kwa dola 18, saa 72 kwa dola 27, jumla dola 2,664. Wiki sita za namna hiyo zingekupa dola 15,984. Hiyo ndiyo ndoto.

Sasa chukua wiki sita zenye sura ya msimu halisi. Ya kwanza ni ya mafunzo na kuosha mitambo, saa 28 tu: dola 504. Ya pili samaki wanaanza, saa 8 kila siku: dola 1,152. Ya tatu na ya nne ndizo kilele: dola 5,328 kwa pamoja. Ya tano saa 10 kila siku: dola 1,530. Ya sita ni usafi na kufunga, saa 30: dola 540. Jumla ni dola 9,054. Msimu mzuri unaweza kuongeza wiki ya kilele, msimu mbaya ukaipunguza. Hiyo ni pesa ya kuheshimika kwa wiki sita, lakini si ile uliyomwahidi mwenye nyumba.

Na bado haijakatwa. Michango ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee) inachukua asilimia 7.65, karibu dola 693 katika mfano wetu. Kodi ya shirikisho nayo hukatwa kwa kila hundi kana kwamba utalipwa hivyo mwaka mzima. Wiki ya dola 2,664 mfumo unaiona kama mshahara wa zaidi ya dola 138,000 kwa mwaka. Sehemu ya makato hayo unaweza kurudishiwa, lakini ni hadi ujaze fomu za kodi mwaka unaofuata. Alaska yenyewe haina kodi ya mapato, na watu hushangilia wakisikia hivyo. Ukiwa mkazi wa Minnesota au Maine, jimbo lako bado linaidai kodi ya pesa uliyochuma Alaska. Viwanda vingine hukata bweni na chakula, vingine hutoa bure. Uliza kabla ya kusaini, na jibu liwe kwenye karatasi.

Nawasisitizia daftari kuliko kitu kingine chochote, na wanaonizoea wanajua sitaacha. Nunua daftari dogo la mfukoni, na kila ukitoka zamu andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka na mapumziko, hata kama macho yanafumba. Siku ya hundi linganisha. Ukiwa umefanya saa 112 na usingizi wa saa tano, kichwa hakitakumbuka Jumanne ilikuwa na saa 15 au 17. Daftari litakumbuka, na ofisi ya serikali ya jimbo inayoshughulikia madai ya mishahara italisoma. Simu si mbadala: inaloa, inaibwa, inazima chaji.

Jambo moja zaidi kuhusu ovataimu, yale malipo ya saa za ziada. Kwenye meli inayovua na kuchakata samaki hukohuko baharini, sheria ya shirikisho ya ovataimu haiwahusu wafanyakazi hao, na wengi hulipwa fungu la mavuno. Fungu linaweza kuzidi mshahara wa kiwandani, linaweza pia kuwa dogo mno. Usichukue hesabu ya nchi kavu ukaipeleka melini.

“Ikinishinda, narudi nyumbani”

Kwa nauli ya nani? Naknek haina barabara ya kukufikisha Anchorage. Barabara yake inaishia King Salmon, kwenye uwanja wa ndege. Sheria ya Alaska inamtaka mwajiri aliyekusafirisha akurudishe ulikotoka mkataba unapoisha, au kazi inapokoma kwa sababu ya msingi iliyo nje ya uwezo wako. Ukiacha kwa hiari katikati ya msimu, jihesabu umejilipia, na mikataba mingi inataka urudishe hata nauli ya kwenda. Yule aliyefanya wiki moja na nusu ya mwanzo, kabla ya kilele, anaweza kurudi akiwa na deni. Kabla ya kuondoka weka kando pesa ya tiketi ya kurudi na usiiguse.

“Alaska ni giza na theluji”

Juni huko mchana unapita saa 18. Tatizo lako litakuwa kulala jua likiwaka. Beba kitambaa cha kufunika macho. Baridi iko ndani ya kiwanda, kwenye barafu na maji yanayochuruzika mikononi. Nje kuna mvua na mbu. Anayekwenda Dutch Harbor, bandari nyingine ya uvuvi ya Alaska, Januari kwa samaki weupe, huyo ndiye atakayekutana na upepo na giza.

“Nikifika tu nitapata na ile pesa ya mafuta”

Hapana. Gawio la mfuko wa Alaska, uliojengwa kwa mapato ya mafuta, ni la wakazi waliokaa mwaka mzima wa kalenda na wenye nia ya kubaki.

“Mkono utazoea”

Uchovu unazoeleka. Ganzi haizoeleki. Ukiamka usiku vidole vimekufa ganzi, ukakung'uta mkono ili vipate uhai, mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Kisu butu huharakisha hali hiyo, kwa hiyo dai kisu kinolewe na omba kubadilishiwa kituo. Kidonda kidogo cha mwiba wa samaki kikivimba na kuwa chekundu hadi rangi ya zambarau, kionyeshe siku hiyohiyo. Kuna bakteria wa samaki anayeingia kwa njia hiyo, naye anahitaji dawa, si plasta. Na wanaofanya kwenye kaa wanikumbuke: kifua kinachobana na kikohozi kinachopungua siku ya mapumziko kisha kurudi kazini si mafua. Mvuke wa kuchemshia kaa hubeba protini zinazosababisha pumu. Barakoa ya kitambaa haizuii.

Haya yote ripoti kwa maandishi. Kwa kazi ya nchi kavu, sheria ya fidia ya Alaska inataka taarifa ya maandishi ndani ya siku 30. Wengi wetu hunyamaza wakiogopa kurudishwa, kisha wanakuja kwangu Oktoba na mkono usioshika kikombe, na hakuna karatasi hata moja. Tarehe uliyoanza kuumwa iandike kwenye daftari lilelile.

“Wakala ana nafasi Alaska, anataka malipo kidogo ya visa”

Hii huwafika ndugu walioko Dar, Bujumbura na Nairobi, mara nyingi kupitia kwetu tulioko huku. Visa inayotumika kwa kazi za msimu za viwanda vya samaki ni H-2B, na kanuni zake zinamkataza mwajiri na mawakala wake kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Ile visa ya wanafunzi ya kazi na matembezi ya kiangazi ilifungiwa viwanda vya samaki mwaka 2012. Anayekuuzia nafasi kwa njia hiyo leo anakuuzia hewa. Aliyeko Marekani kama mkimbizi, mwenye hifadhi au mkazi wa kudumu hahitaji visa wala wakala: viwanda huajiri moja kwa moja, bila ada, na maombi huanza kupokelewa miezi kadhaa kabla ya msimu. Ndugu yako akikutumia namba ya wakala, muulize jina kamili la kiwanda na mji kilipo, kisha kipigie kiwanda chenyewe kabla hajatuma hata senti.