Je, wajua kwa nini bushi mpya huchanika kabla ya wakati wake?

Bushi ya mpira, kile kiungo laini cha chini ya gari, haizunguki. Ukiitazama ilivyokaa kati ya amu (mkono wa chuma unaoshika tairi) na chesisi (fremu ya gari), bolti imepita katikati, utadhani amu inapanda na kushuka kama mlango kwenye bawaba. Sivyo. Mpira umegandishwa kiwandani kwenye mirija miwili ya chuma: wa nje unabanwa ndani ya amu, wa ndani unabanwa na bolti. Amu ikipanda, kila mrija unabaki umeshikwa mahali pake, na mpira ulio kati yao ndio unaojisokota, kisha unarudi.

Sasa tazama kazi inavyofanyika gereji. Gari liko juu ya jeki, tairi zinaning'inia, fundi anapachika amu, anakaza bolti mpaka mwisho, halafu anashusha gari. Tuseme amu ina urefu wa sentimita 35, na ncha yake ya nje ilikuwa inaning'inia sentimita 8 chini ya pale inapokaa gari likiwa limesimama. Hizo ni nyuzi 13 hivi. Gari likitua, mpira umeshasokotwa nyuzi 13 kabla halijatoka getini, na utabaki hivyo hata gari likiwa limelala. Tuta likiinua tairi sentimita 6 zaidi, mnafika nyuzi 23. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, na matuta ya njiani mnayajua wenyewe. Mpira unaanza kuachia chuma, na lawama zinamwendea muuza spea kwamba kauza feki. Feki zipo, lakini hii siyo kesi yake.

Kuepuka hilo, kabla hujafungua chochote, gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa, pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha tairi) hadi ukingo wa fenda, uandike. Ukishapachika bushi, nati ziingie kwa mkono tu. Weka jeki ya pili chini ya boli jointi (kiungo cha ncha ya nje ya amu), inua mpaka kipimo kile kirudi, ndipo ukaze kwa spana ya toki (yenye kupima nguvu ya kukaza) kufuata kitabu cha gari. Bodi ikianza kunyanyuka kwenye stendi kabla kipimo hakijatimia, acha: rudisha tairi, shusha gari likanyage mbao nene, litikise mara kadhaa, kisha kaza likiwa chini.

Upachikaji nao una mitego yake. Presi (mashine ya kukandamiza) isukume mrija wa nje, kwa kipande cha bomba chenye upana ule ule. Ukisukuma katikati unachana mpira kabla haujafanya kazi hata siku moja. Ukihitaji utelezi, tumia maji ya sabuni. Oili na grisi ya kawaida huvimbisha mpira asilia. Bushi yenye matundu mawili kama figo ina upande wake, kwa hiyo chora alama kwenye amu kabla ya kuitoa ya zamani, maana upande wa matundu ndio laini, na ukiugeuza umebadilisha tabia ya gari zima. Na ile desturi ya kuchoma bushi ya zamani kwa moto iachwe: moshi wake ni sumu, na amu ya aluminiamu ikipata moto hupoteza ugumu.

Kwa wenye magari kama Altezza au Impreza wanaotaka gari lishike kona, swali ni tofauti kidogo. Ukikanyaga breki kwa nguvu, tairi la mbele linavutwa nyuma, bushi ya nyuma ya amu ya chini inabonyea, lakini tairodi (fimbo inayounganisha usukani na tairi) haijasogea. Matokeo yake tairi linageuka kidogo bila usukani kuguswa. Badiliko la nyuzi 0.1 kwenye tairi la kipenyo cha milimita 600 ni milimita moja tu, ila dereva anayeingia kona kwa kasi hulihisi. Ndiyo maana hubadili mpira kwa poliyurethani, aina ya plastiki ambayo ni ngumu zaidi.

Lakini poliyurethani ni mnyama mwingine. Haijagandishwa kwenye chuma. Inazunguka juu ya mrija wa ndani. Kwa hiyo hii unaweza kuikaza amu ikiwa popote, lakini lazima upake grisi ya silikoni ndani na kwenye nyuso za pembeni. Ijaribu hivi: springi na shokapu vikiwa vimetolewa na bolti zimekazwa, inua amu kwa mkono uiachie. Ishuke yenyewe. Ikigoma, kuna kitu kimebana. Ukikaza ukatembea hivyo, springi yako imeongezewa ugumu usioujua. Amu yenye bushi ya mpira hurudi pale ilipokazwa, na hilo ndilo tunalolitaka kwake. Kwenye njia za vumbi zinazopanda Meru, grisi hushika vumbi ikawa kama msasa, na bushi huanza kulia kama kitanda cha chuma. Fungua, safisha, paka upya.

Ukitaka kubadili kwa poliyurethani, anza na bushi za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala upande kwenye kona): ni rahisi, na kelele inayoongezeka ni ndogo. Kisha bushi za amu za mbele. Sehemu ya kuogopa ni mikono ya nyuma inayovuta tairi kwa urefu wa gari, kama ilivyo kwenye BMW E46. Mkono ule haupandi na kushuka tu, unajipinda pia kwenda pembeni, na poliyurethani hukubali kuzunguka kwenye mhimili mmoja tu. Ikibanwa, nguvu inahamia kwenye mabano ya chesisi, na chuma ndicho kinachopasuka. Hapo tafuta mpira mgumu, wa aina ile ambayo Subaru ilitoa kwa ajili ya rali za Kundi N, daraja la magari ya rali yaliyo karibu na yale ya kawaida.

Bolti hizi zikiguswa, pembe za tairi zimeshahama. Tembea kilomita chache bushi zikae, halafu peleka gari kwenye alaimenti.