Chipu kwenye gofu: maana yake na namna ya kuipiga kwenye ardhi kavu

Chipu ni mkwaju mfupi unaopigwa mpira ukiwa karibu na grini, yaani ile sehemu ya nyasi zilizokatwa chini kabisa yenye shimo na bendera. Mpira hukaa hewani kidogo tu, kisha hutembea chini sehemu kubwa ya safari yake. Hapo ndipo inapoachana na pichi, ambayo hupaa, hutua na kusimama karibu na ilipoangukia. Pati nayo husukuma mpira chini kwa chini, bila kuupaisha.

Anayeanza gofu hukimbilia mkwaju mrefu wa kuanzia kwa sababu ndio unaoonekana. Tazama hesabu. Kiwanja cha mashimo 18 chenye pa 72 (pa ni idadi ya mikwaju anayotarajiwa kutumia mchezaji mzuri) kimekadiriwa kwa pati mbili kila shimo, yaani mikwaju 36, nusu ya yote. Chipu inayolaza mpira mita moja kutoka shimoni inakupa nafasi nzuri ya kumaliza kwa pati moja badala ya mbili. Kwa mchezaji wa kawaida hakuna mkwaju mwingine unaolipa haraka hivyo.

Kwa mtu wa Tabora kuna sababu ya ziada. Kuanzia Juni mpaka mvua zirudi, ardhi huwa ngumu na nyasi hukauka. Mpira uliopigwa juu ukitua hapo hudunda usikokutarajia. Mpira wa chini hauna mdundo mkubwa, kwa hiyo unaweza kuukadiria.

Kuchagua fimbo kuna kanuni rahisi, iitwayo kanuni ya 12. Chagua mahali pa kutua, kama mita moja ndani ya grini. Kadiria umbali wa hewani, kisha umbali wa kutembea kutoka hapo hadi shimoni. Gawa wa pili kwa wa kwanza, halafu toa jibu kwenye 12. Tuseme mpira uko mita 2 nje ya grini na shimo liko mita 10 ndani. Hewani ni mita 3, chini ni mita 9. 9 kwa 3 ni 3. 12 toa 3 ni 9. Chukua chuma namba 9, yaani fimbo ya kichwa cha chuma yenye namba hiyo; namba ikiwa kubwa, mpira hupaa zaidi. Jibu likiwa 10, tumia pichingi weji, fimbo inayofuata baada ya namba 9. Kanuni hii ni ya grini tambarare yenye kasi ya wastani. Grini ikiwa kavu mpira utatembea zaidi, basi panda hatua moja, kutoka 9 kwenda weji. Ukipiga kuelekea mlimani, shuka hatua moja.

Simama miguu ikiwa karibu, upana wa sentimita 15 hadi 20. Mpira uwe katikati au nyuma kidogo ya katikati. Kwa anayetumia mkono wa kulia, uzito kama asilimia 60 hadi 70 ukae mguu wa kushoto, na ubaki hapo mpaka mwisho. Shika mpini chini kidogo kuliko kawaida, mikono itangulie mpira kidogo. Kisha bembeza mabega; viwiko na viganja vitulie. Fimbo irudi nyuma kiasi kile kile itakachokwenda mbele.

Kosa linaloharibu chipu nyingi ni kutaka kuuinua mpira kwa mikono. Mchezaji huegemea nyuma, na sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wa fimbo inahamia nyuma ya mpira. Fimbo ikigusa ardhi kwanza, mpira unasogea hatua mbili tu. Ikiruka ardhi, ukingo wake unaugonga mpira katikati, nao unavuka grini yote. Makosa hayo mawili yanaonekana tofauti, ila chanzo ni kimoja. Mwinamo wa sura ya fimbo, yaani upande unaogonga mpira, ndio unaoupaisha mpira, kazi yako ni kupiga kuelekea chini. Kosa jingine ni kurudisha fimbo mbali mno, halafu kushtuka na kuifungia breki kabla ya mpira.

Sendi weji, fimbo ya kutolea mpira mchangani, inahitaji tahadhari kwenye ardhi ngumu. Soli yake imetengenezwa ikiwa na tumbo ili isizame mchangani. Kwenye udongo mkavu tumbo hilo hudunda, ukingo unapanda, na unapata ule mkwaju wa katikati ya mpira. Mpira ukiwa umelala juu ya udongo mtupu, namba 8 au 9 ni salama zaidi. Na kama kati yako na grini ni nyasi fupi tupu, tumia pata tu, yaani fimbo ya kupigia pati. Hakuna kanuni inayokataza.

Mazoezi hayahitaji kiwanja cha gofu. Uwanja wa mpira wenye vumbi unatosha, mradi hakuna watu mbele. Chora mstari kwa kisigino na uweke mpira juu yake. Piga, kisha tazama alama ya fimbo. Ikianzia kwenye mstari au mbele yake, umepiga sawa. Ikianzia nyuma, uzito umerudi mguu wa kulia. Tandika gunia pale unapotaka mpira utue, na ulenge gunia, usiitazame ndoo uliyoifanya shimo.

Chipu haifai pale penye shimo la mchanga au nyasi ndefu kati yako na bendera. Hapo piga pichi. Mpira ukiwa ndani ya mchanga, mkwaju hubadilika kabisa: fungua sura ya sendi weji ielekee juu zaidi, ingiza fimbo mchangani sentimita 3 hadi 5 nyuma ya mpira, na umalize bembea. Wa Kigoma anaweza kujifunza hili ufukweni, kwenye mchanga mkavu wa juu. Ule uliolowa karibu na maji ni mgumu na hudundisha fimbo. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju usiguse mchanga kwa fimbo wakati wa bembea ya majaribio, kwani adhabu yake ni mikwaju miwili.