Kupigwa tochi maana yake nini

Dereva wa Tabora akikwambia "leo nimepigwa tochi", usidhani kamulikwa na mlinzi usiku. Mara nyingi hupigwa mchana kweupe. Tochi ni jina la mtaani la kifaa anachokishika trafiki kupima mwendo wa gari. Anakielekeza kwa gari kama anayemulika, ila mwanga wenyewe huuoni.

Tochi ziko za aina mbili. Moja hutumia mawimbi ya redio. Kasimame karibu na reli treni ya Kigoma inapopita ikipiga honi: ikija sauti ni nyembamba, ikishakupita inashuka na kuwa nzito. Mawimbi yakigonga gari linalokuja hurudi yamebadilika kwa namna hiyohiyo, na gari likizidi kukimbia, badiliko nalo linazidi. Nyingine ni ya leza. Hii hurusha miale mingi mifupi kabla hujapepesa jicho, ikihesabu kila mmoja umechukua muda gani kwenda na kurudi. Muda ukizidi kupungua, gari linasogea, na kifaa kinajua limesogea kiasi gani.

Leza hulisoma gari lililo mamia ya mita mbele. Ndiyo maana ukimwona trafiki chini ya mwembe ukakanyaga breki, umeshachelewa. Mimi nilisomwa 63 penye kibao cha 50. Nikajitetea, "Afande, si nimepunguza?" Akageuza kioo nione: gari langu, namba, saa. "Umepunguza uliponiona, mzee. Hapa ulikuwa bado kule kwenye nguzo." Shilingi 30,000, namba ya malipo ikaja kwenye simu. Madereva waliotoka mbele walikuwa wameniwashia taa kunionya, mimi nikadhani wananisalimia.

Kuna hoja inapendwa sana vijiweni, kwamba tochi ikikupiga kwa pembeni inaongeza. Ni kinyume chake. Trafiki akiwa kando ya barabara, tochi husoma tu ule mwendo unaomkaribia yeye, kwa hiyo namba hushuka kidogo. Pembe inamsaidia dereva. Ukitaka kubishana, uliza lini kifaa kilihakikiwa, au kama kweli kililenga gari lako katikati ya msururu.

Hiyo 50 ndiyo kikomo cha kilomita kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na wengi huiona ya kuonea. Lakini kwa 50 gari linakula karibu mita 14 kila sekunde; kwa 80, mita 22. Sekunde moja ndiyo mguu wako unahamia kwenye breki, na gari halijaanza hata kupungua. Halafu mwendo ukiwa mara mbili, kazi ya breki inakuwa mara nne.

Sasa tuje kwenye mitaa ya wenye nazo. Kule Ng'ambo, mtaa wa Tabora wenye watu wengi barabarani, tochi haihitajiki. Baiskeli, mikokoteni na watoto watakupunguza wenyewe. Mitaa iliyotulia ndiyo yenye mtihani: kuta ndefu, mageti yamefungwa, barabara imenyooka, hakuna genge wala kijiwe. Jicho halioni mtu, mguu unazama. Anayetoka ghafla getini ni dada wa kazi na ndoo ya taka, au mtoto anafuata mpira.

Wakazi hulalamika kwamba trafiki hawaonekani huko, wote wako barabara kuu ya Nzega. Ni kweli, na sababu inaeleweka, maana magari mengi yanapita huko. Ila barabara ya mtaa kama huo haiendi kokote. Anayeipita anakaa humo au amekuja kumwona anayekaa humo. Tochi ikiwekwa pale kwa wiki moja, picha zitakuwa za walalamikaji wenyewe. Nadhani nao wanalijua, ndiyo maana kwenye kikao cha mtaa wakishamaliza kumlaumu trafiki huomba matuta, tena kila mmoja anataka liwe mbele ya geti la jirani.