Uanafunzi ni nini? Tuanzie gereji, si darasani

Ingia gereji yoyote ya mtaani utamkuta kijana aliyevaa ovaroli inayompwaya, amechuchumaa kando ya gari, anasubiri. Fundi yuko uvunguni, unaona miguu tu. "Lete kumi na tatu." Kijana anampa spana namba 13. Mwezi wa kwanza alikuwa akileta namba 12 na kufokewa. Hakuna aliyemwandikia ubaoni tofauti ya spana hizo. Ameijua kwa kushinda hapo, siku baada ya siku. Kiswahili kinamwita mwanagenzi, ingawa siku hizi wengi husema tu "anajifunza kwa fundi".

Namtaja kijana huyu kwa sababu neno "mwanafunzi" katika Agano Jipya linamwelekea yeye kuliko mtoto wa shule mwenye sare na begi. Kwa Kigiriki ni mathetes, mtu anayejifunza kwa kushikamana na mwalimu wake, na limo zaidi ya mara 250 katika Injili nne na Matendo ya Mitume. Uanafunzi basi ni hali ya kuwa mtu wa namna hiyo kwa Yesu: kukaa naye, kumtazama anavyofanya, kujaribu, kukosea, kurekebishwa, hatimaye kuachiwa kazi.

Shida ni masikio yetu. Tukisikia "mwanafunzi" tunawaza muhula, mtihani na cheti. Ndiyo maana makanisa mengi yana "darasa la uanafunzi" la wiki kadhaa, na siku ya kufunga watu wanapiga picha wameinua vyeti juu. Sina ugomvi na madarasa, nimenufaika nayo mwenyewe. Ila Petro na Yohana walipofikishwa mbele ya baraza la Wayahudi, wakubwa wale waliona wazi kuwa hawakusoma, wakastaajabu, kisha wakawatambua kuwa walikuwa pamoja na Yesu. Hicho ndicho kilikuwa cheti chao.

Tusichanganye pia mwanafunzi na mtume. Mwanafunzi anafuata, mtume, kama neno lenyewe linavyosema, ametumwa, na Kigiriki chake, apostolos, kina maana hiyo hiyo. Luka anasema Yesu aliwaita wanafunzi wake, akachagua kumi na wawili miongoni mwao, akawaita mitume. Hao ndio Biblia ya zamani inawaita "Thenashara", Kiarabu cha kumi na mbili, neno ambalo vijana wengi kanisani hulisoma kama jina la kabila. Marko anataja sababu mbili za kuwekwa kwao: wapate kuwa pamoja naye, na awatume kuhubiri. Kukaa kumetangulia kutumwa. Mabango ya barabarani yamejaa "Mtume na Nabii" fulani. Mimi hujiuliza tu alikaa kwa nani kabla hajatumwa.

Kufuata kulikuwa na gharama, tena si ile tunayoisikia mahubirini kila mara, ya wavuvi fukara wasio na cha kupoteza. Yakobo na Yohana walimwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara. Maana yake mzee alikuwa na chombo, nyavu na vibarua wa kulipwa. Wanawe waliacha kazi inayokwenda, na baba akiwatazama.

Lakini anayefundisha zaidi ni Petro, maana yeye alikosea hadharani. Injili ya Yohana ina jambo dogo linalopitwa kirahisi. Usiku Yesu alipokamatwa kulikuwa na baridi. Watumishi walikoka moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, Petro akasimama nao akiota moto, na pale pale akamkana. Baadaye, ufukweni Galilaya asubuhi, wanafunzi wanashuka na nyavu zenye samaki 153 na kukuta moto wa makaa umeshawashwa, samaki juu yake, na mkate. Neno la Kigiriki la moto huo limo mara mbili tu katika Agano Jipya lote, ni hapo na kule uani. Wakala kwanza. Kisha Petro akaulizwa kama anampenda Yesu, mara tatu, kama alivyokana mara tatu, na kila alipojibu akakabidhiwa kondoo wa kuchunga.

Ungedhani baada ya hapo amehitimu. Miaka ikapita, Pentekoste ikapita, akaingia hata nyumbani kwa Kornelio, ofisa wa jeshi la Kirumi. Kisha kule Antiokia, mji ambao wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, mpaka walipofika wageni kutoka kwa Yakobo, ndugu yake Bwana, si yule mwana wa Zebedayo. Hapo akaanza kujitenga. Paulo akamkemea mbele ya wote. Kosa halikuwa la mafundisho aliyoyatamka mdomoni, lilikuwa la nani unakula naye sinia moja, na kwetu kila mtu anajua sinia linasema nini.

Paulo naye alikuwa na lake. Yohana Marko alimwacha yeye na mwenzake Barnaba safarini, akarudi Yerusalemu. Barnaba, binamu yake Marko, alipotaka kumchukua tena, Paulo alikataa katakata hadi wakatengana. Barua ya pili kwa Timotheo inamwonyesha Paulo akiagiza Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi.

Na uanafunzi haukuwa wa Thenashara peke yao. Mjini Yafa alikuwepo Tabitha, kwa Kigiriki Dorkasi, yaani paa, yule mnyama wa porini. Luka anamwita mwanafunzi kwa umbo la kike la neno hilo, na ni mara moja tu limetumika hivyo katika Agano Jipya. Alikuwa akishona. Alipofariki waliagiza Petro aitwe kutoka Lida, mji wa karibu, akapandishwa chumba cha juu. Wajane wakamzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao.